Pambizoni

Lifti imekufa tangu Jumatatu.
Rhona Petrie anapanda ngazi, ghorofa kumi na moja,
hojaji kazikumbatia kifuani
kama mtoto anayekingwa baridi.
Ni saa tisa na nusu alasiri, na Dundee
imeshakuwa usiku. Mto Tay kule chini
umezimika kama taa.

Anabisha. Mlango unafunguka upana wa mnyororo.
"Mimi si wa gesi," anasema. "Natoka chuo kikuu."
"Heri ungekuwa wa gesi," inajibu sauti,
na mnyororo unafunguliwa.

Wattie Lamond, miaka sitini na mmoja,
amevaa koti ndani ya nyumba yake.
Alikuwa akikaza skrubu katika kiwanda cha saa
hadi saa zilipohamishiwa nchi nyingine
na wakati ukabaki hapa, tele, bila kazi.

Swali la kumi na nne:
Katika wiki mbili zilizopita,
ni mara ngapi umejihisi huna tumaini?
Visanduku vinne. Hata mara moja. Siku chache.
Zaidi ya nusu ya siku hizo. Karibu kila siku.

Wattie anaitazama kalamu.
"Inategemea mita."
"Mita?"
"Ya umeme. Ikisoma pauni tano, mimi mzima.
Zikibaki peni hamsini na Jumanne iko mbali,
ndipo unanijia huo ugonjwa
ambao daktari huuandikia vidonge."

Rhona anatafuta kisanduku cha mita.
Hakipo.
Anaandika pambizoni, herufi ndogo kama sisimizi.

Mimi simo katika hadithi hii, ila kidogo:
ndiye niliyeajiriwa kuingiza majibu kwenye kompyuta,
sifuri, moja, mbili, tatu,
chumba kisicho na dirisha, chai ya mashine.
Niliambiwa: pambizo usizisome, hazihesabiki.
Nilizisoma.

Karatasi ya Nusrat, asafishaye ofisi usiku,
visanduku vyote vilikuwa vitupu.
Pembeni, kwa mwandiko wa Rhona:
"Mkalimani wangu ni mwanangu, ana miaka tisa.
Daktari akiuliza kama nalia usiku,
nimwambie mtoto ajibu nini?"
Niliinuka. Nilikwenda kunawa uso.
Niliporudi kompyuta ilikuwa bado inasubiri namba,
nikaandika tisini na tisa,
yaani: jibu halikupatikana.

Namba zilitoa mchoro, sikatai.
Mstari ulianza juu, kwenye nyumba za mawe za pwani
ambako watu hulala usingizi wao wote,
ukashuka, kituo kwa kituo, na basi la mjini,
hadi kwenye yale majengo marefu.
Profesa Strachan aliusifu: mteremko safi, alisema.
Rhona aliutazama kwa muda.
"Ni ngazi," alisema. "Nimezipanda."

Kwetu husemwa aliye juu mngoje chini.
Wattie yuko juu, ghorofa ya kumi na moja,
na chini hakuna amngojaye
isipokuwa barua za deni.

Mwaka uliofuata walirudi kwa watu wale wale.
Swali la kumi na nne lilikuwa limezaa mtoto:
Wakati huo, mita yako ilisoma ngapi?
Walilipigania miezi minne katika kamati,
na nusu yake likakatwa.
Wattie alilisoma mara mbili, akavua miwani.
"Sasa mmeanza kuuliza," alisema.
"Na lifti je?"

Hakukuwa na kisanduku cha lifti.
Lakini nafasi ilikuwepo.
Hojaji za mwaka ule nilizipanga mimi,
na pambizo nilizipanua sentimita mbili kila upande,
bila kumwomba mtu ruhusa.